Mnauza viwanja bila barabara, halafu mnalia foleni

Wakuu, tuache kusingizia magari kuwa mengi. Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012, sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.38, na mji umezidi kutanuka pembezoni: Goba, Kivule, Chanika. Huko hakuna mtandao wa barabara. Kuna vichochoro.

Tupige hesabu ya eka. Eka yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6. Dalali anakata viwanja vya mita 20 kwa 20, safu tatu za viwanja vitatu, mita 60 zimekwisha. Hiyo 3.6 iliyobaki ndiyo eti barabara ya mtaa! Inahudumia safu mbili. Ya tatu inaambiwa ipite kwa jirani. Shamba likiisha, njia nayo inagonga ukuta, maana mwenye shamba la pili kaelekeza yake kwingine. Nyumba mbili zimepeana mgongo, lakini gari litoke hadi lami, lizunguke, liingie tena. Na lami yenyewe ni barabara kuu zile zile, kama ya Morogoro au Bagamoyo. Foleni mlidhani inatoka wapi?

Anayebisha afungue OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, ahesabu vipande vya barabara vya mtaa wake (kipande ni kutoka makutano hadi makutano, au hadi ncha iliyoziba), agawe kwa idadi ya makutano pamoja na ncha zilizoziba. Njia zilizotawanyika kama matawi, zisizokutana tena popote, hazifiki hata 1. Gridi, yaani njia zinazokatana kama miraba ya daftari, inakaribia 2. Ukiwa chini ya 1.4, una shida. Sinza ilipimwa kwanza, miaka ya 1970, ndipo watu wakajenga; njia moja ikifungwa unapita nyingine. Kwenye matawi, lori la kokoto likikwama, zimamoto nao wamekwama.

Kinachoudhi zaidi ni urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati mahali palipokwisha kujengwa bila mpango. Mpima anakuja kuta zimeshasimama, anapima kilichopo, anapanda bikoni (mawe ya mipaka), hati inatoka. Kichochoro kimehalalishwa! Kukifungua baadaye ni kubomoa na kulipa fidia, na hela hiyo hana mtu.

Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri kwenye mauziano mpaka mchoro uonyeshe barabara ya mita 8 inayotokea pande zote mbili za shamba, na majirani wamesaini kuonyesha itakapoendelea kwao. Barabara ikipita katikati ya eka, kila upande unabaki na kina cha mita 27.8. Gawa kila upande mara nne: viwanja vinane vya takriban mita za mraba 442. Vyembamba kidogo, sawa, lakini vikubwa kuliko vile vya 400. Muuzaji kapoteza kiwanja kimoja tu kati ya tisa.

Mpima anayesema haiwezekani aweke mchoro wake hapa tuukague.