Mdogo wangu na ajali ya bodaboda: naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka 2022, akapasuliwa kichwa kutoa damu iliyovilia. Mwili umepona, anatembea vizuri tu. Shida ni kumbukumbu na hasira: anabandika chai anaisahau mpaka sufuria inaungua, kelele za watoto zinampandisha jazba, na mara mojamoja anaanguka kifafa. Anatumia carbamazepine, dawa ya kifafa. Majirani wanasema karogwa, hayo nimewaachia wenyewe. Tumejaribu kengele ya simu na daftari. Daftari lenyewe hakumbuki kaliweka wapi.

Sasa anang'ang'ania kurudi kuendesha pikipiki. Mliouguza mtu wa hivi, mlimzuiaje bila ugomvi? Na kwa hizo hasira, tumwone daktari wa aina gani?