Pokémon GO: ndiyo kwanza naanza, Stardust niitumie au niitunze?

Chipukizi_GO
Wakuu, salamu kwenu. Nimeanza Pokémon GO, ile gemu ya simu ya kutembea na kukamata viumbe waitwao Pokémon, hivi karibuni na imenikolea kweli, ila maelezo yaliyomo ndani ya gemu yenyewe ni machache mno. Naomba mnisaidie.

Pale mwanzo nilimchagua Charmander. Kila nikimfungua nakutana na kile kitufe cha kumwongezea nguvu, na Stardust, ile vumbi inayolipia nguvu hizo, ninayo. Nibonyeze au nitulie? Halafu mipira ya kukamatia inaniishia haraka sana: Pokémon wa CP (kipimo cha nguvu) ndogo tu anachomoka kwenye mpira mara tatu, mara nne, kisha anatokomea. Nimefika pia levo ya 5, natakiwa nichague timu kati ya Mystic, Valor na Instinct. Ipi nzuri? Na la mwisho, sipendi kutoa hela yangu kwenye gemu. Naweza kusonga mbele hivyo hivyo?

MzeeWaRaid
Karibu sana mkuu. Swali lako la kwanza ndilo zito, acha nianze nalo.

Usibonyeze. Nguvu za Pokémon unaowakuta porini zinategemea levo yako wewe. Sasa hivi hata yule bora kabisa utakayemkamata ni dhaifu. Ukifika levo ya 30, utakuwa unakutana porini na Pokémon ambao nao wana levo hadi ya 30, na hujawalipia chochote. Huyo Charmander wako wa leo atakuwa ameachwa mbali, na Stardust uliyommwagia hairudi.

Watu wengi huhangaikia Candy, zile peremende zinazohitajika pia kumwongezea Pokémon nguvu, lakini Candy kila ukoo wa Pokémon una zake. Stardust ni moja kwa wote: kuongeza nguvu, kubadilishana Pokémon na marafiki, kufungua pigo la pili, yote yanachota humo humo. Kumtoa Pokémon mmoja levo ya 1 hadi ya 40 kunakula takribani Stardust 270,000. Kumkamata Pokémon wa hatua ya kwanza (ambaye bado hajabadilika umbo) kunakupa 100. Piga hesabu mwenyewe, utaelewa kwa nini wakongwe wana Candy za kumwaga lakini Stardust wanaibania.

Kwa sasa kamata kila kinachokatiza mbele yako, hata wale wadogo wanaojirudia. Huko ndiko Stardust inakotoka.

Dada_Eevee
Naunga mkono. Mimi nijibu la mipira, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Ukishika mpira, angalia lile duara linalosinyaa juu ya Pokémon. Rangi yake inakueleza ugumu: kijani ni rahisi, njano wastani, rangi ya chungwa ni mgumu, nyekundu ni mgumu hasa. Ikiwa nyekundu usibahatishe na mpira wa kawaida, mpe kwanza Razz Berry (tunda linalorahisisha kumnasa), au tumia Great Ball (mpira wenye nguvu zaidi) kama unayo.

Sasa mbinu yenyewe. Shikilia mpira mpaka duara lifikie udogo unaoutaka, kisha uachie bila kuurusha. Duara litabaki na ukubwa huo huo. Tulia, msubiri Pokémon ashambulie. Akianza kurukaruka, zungusha mpira kwa kidole mpaka utoe vimulimuli, na shambulio likiwa linaelekea kuisha, rusha. Mpira unatua wakati ametulia, na duara liko pale pale ulipoliacha. Mpira uliozungushwa unaongeza nafasi ya kumnasa mara 1.7, na ukipiga ndani ya duara dogo unaongeza tena. Mwanzoni utarusha kando sana. Fanyia mazoezi kwa wale wakubwa walio karibu na skrini, usianze na wadogo wanaoruka huku na huko.

Na kila PokéStop (kituo cha vifaa kwenye ramani) unayopita izungushe, hata kama haraka unayo. Mipira inatoka huko.

Msaka_Shiny
Timu isikuumize kichwa. Haibadilishi unachokamata wala nguvu za Pokémon wako. Angalia marafiki unaocheza nao wako wapi, ingia huko, mtasaidiana kuteka na kulinda Gym, vile vituo vya mapambano kwenye ramani. Chagua kwa kutulia tu, kwa sababu kuhama kunahitaji Team Medallion ya sarafu 1,000 za gemu, na huwezi kuhama tena mpaka zipite siku 365.

Kuhusu hela: inawezekana kabisa. Pokémon wako akikaa kwenye Gym anakuingizia sarafu 1 kila dakika 10, mwisho 50 kwa siku, na unazipata pale anapotolewa na kurudi kwako. Sarafu hizo usinunulie mipira. Nunua nafasi ya kuhifadhi Pokémon na vifaa, maana hiyo inabaki kwako daima.

Hao wenye nyota chache (nyota za kupimia ubora wao) wote mrudishie Profesa Willow, yule mhusika wa gemu, kila mmoja anakupa Candy. Usijaze nafasi bure.

Kipepeo_Buluu
@Msaka_Shiny hapo kwenye "wote" napingana nawe. Great League, moja ya ligi za kupambana na wachezaji wengine, ina kikomo cha CP 1500, na humo Pokémon mwenye shambulio dogo na ulinzi mkubwa mara nyingi ndiye anayefaa zaidi. Huyo ukimpima anaweza kukuonyesha nyota mbili tu. Chipukizi, kabla ya kumrudisha yeyote bonyeza Appraise (kumpima) uangalie ile mistari mitatu, ya shambulio, ulinzi na uhai, kila mmoja mwisho wake ni 15. Ukiona wa shambulio uko chini na miwili mingine imejaa, mbakishe.

Msaka_Shiny
Sawa, hilo nakubali kwa anayependa mapambano ya ligi. Kwa levo ya 5 bado ni mapema, ila hakuna hasara kumtunza.

MzeeWaRaid
Niongeze moja: utakutana na watu wanaokushawishi uweke programu za kudanganya GPS ili "utembee" ukiwa umekaa. Achana nazo kabisa. Akaunti hufungiwa, na miaka ya kukusanya inapotea kwa siku moja. Na ukiwa unaendesha chombo chochote barabarani, simu iweke mbali.

Chipukizi_GO
Asanteni sana, Charmander nimemwacha kama alivyo. Moja la mwisho: nina mayai ya Pokémon yanayoanguliwa kwa kutembea, ya kilomita 2 na moja la kilomita 10. Mashine za kuangulia ninazo mbili, ile isiyoisha na nyingine ya kutumia mara tatu. Lipi liende wapi?

Dada_Eevee
La kilomita 10 liweke kwenye ile ya mara tatu, ya kilomita 2 yapishane kwenye isiyoisha. Ile ya mara tatu inahesabu mayai, haihesabu kilomita, kwa hiyo ipe safari ndefu. Na ingia kwenye mipangilio uwashe Adventure Sync leo hii, hatua zako zihesabiwe hata gemu ikiwa imefungwa.