Majina manne, geti moja Ntinda: nani hasa anatupikia?

Ndugu zangu wa Kampala, nimevumilia nimechoka. Kama kuna mwenye jiko la delivari humu, lile lisilo na meza wala kibao na linalouza kwa apu tu, asome hadi mwisho, halafu aje anijibu hapa hapa hadharani.

Kwenye apu ninayoagizia chakula kuna mgahawa wa kuku wa kukaanga, kuna wa pizza, kuna wa biriani, na kuna mmoja unaojiita wa vyakula vya nyumbani, una luwombo, ule mchuzi wa kuivishwa ndani ya jani la mgomba, na matooke. Majina mbalimbali, rangi mbalimbali, kila mmoja na nyota zake. Jumamosi nilikuwa na wageni, nikaagiza kuku kwa huyu na luwombo kwa yule. Akaja mwanaboda mmoja. Vikopo vya aina moja, utepe wa njano uleule, kachumbari ileile. Nikamuuliza, "Ssebo, migahawa miwili umeipitia saa ngapi?" Akacheka. "Nnyabo, miwili ya wapi? Zote zinatoka geti moja pale Ntinda."

Hilo ningelimeza. Kuku ndiye hakumezeka. Nje amekauka, ndani mfupani damu mbichi, na watoto walikuwa wameshaanza kula. Nikapiga picha, nikalalamika. Apu wakajibu kwamba wao kazi yao ni kuunganisha tu, nizungumze na mgahawa. Mgahawa upi? Simu haipokelewi. Baada ya siku chache lile jina likatoweka, na picha ileile ya kuku ikaibuka chini ya jina jipya, safi kama mtoto aliyezaliwa jana. Malalamiko yangu yakazikwa na jina la zamani.

Nikafunga safari hadi kwenye hilo geti. Jeusi, halina kibao, bodaboda zimejipanga nje zikisubiri. Askari akaniambia, "Mama, hapa si hoteli." Na harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa imejaa hadi barabarani!

Najua kuna atakayesema mgahawa wa kawaida nao unaweza kukupa kuku mbichi. Kweli kabisa. Lakini pale naingia, namkuta mwenye mali kaunta, tunagombana, nalipwa au silipwi, na ukutani kuna leseni naisoma kwa macho yangu. Hapa nagombana na picha.

Na mchezo huu si wetu peke yetu. Marekani mwaka 2020 watu waligundua kwamba Pasqually's Pizza & Wings waliyokuwa wakiiagiza mtandaoni ilikuwa inatoka jikoni mwa Chuck E. Cheese, ule mgahawa wa michezo ya watoto. Kufikia 2023 Uber Eats wenyewe, apu ya kuagizia chakula, walitangaza kuondoa kurasa zipatazo 5,000 za migahawa ya namna hiyo, kwa sababu jiko moja lilikuwa linauza chakula kilekile kwa majina chungu nzima. Wale walishtuka wateja walipoanza kuchoka. Sisi bado tunaambiwa tukadirie huduma kwa nyota.

Huku kwetu delivari ilishika kasi wakati wa korona. Machi 2020 bodaboda zilikatazwa kubeba abiria zikaachiwa mizigo, na hiyo amri ikaenda hadi mwishoni mwa Julai. Migahawa ikabaki ya kufungasha tu. Hapo ndipo wengi walipoona kwamba meza, viti na kodi ya chumba cha barabarani ni gharama za bure. Hata apu ya Jumia Food ilipofunga Desemba 2023, wateja walikwisha kuzoea kuagiza. Mimi sina ugomvi na hilo. Dada anayepika vizuri na hana mtaji wa kupanga chumba barabarani, mwache apike auze. Tena kamisheni za apu hizi duniani hufika hadi asilimia 30, kwa hiyo simshangai anayebana matumizi. Abane viti basi, asibane moto wa kuivisha kuku.

Kinachoniudhi zaidi ni haki. Mama wa kibandani anayetuuzia katogo, matooke ya mchanganyiko, asubuhi, KCCA, mamlaka ya jiji, wanamjua hadi rangi ya sigiri yake. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa mitaani kwa jina la usafi na utaratibu. Mwenye hoteli anadaiwa leseni ya biashara, na wapishi wake wapimwe afya. Huyu wa nyuma ya geti jeusi, nani amemkagua? Mkaguzi atabisha hodi wapi, wakati hata askari wa pale anakana kwamba kunapikwa?

Tena jiji hili lina historia. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilitupiga, walioshukiwa kuugua wakapita 10,000. Wachunguzi walifuatilia nyayo hadi kwenye maji machafu na vinywaji vya mitaani, munanansi (kile cha mananasi) na wenzake, kwa sababu kulikuwa na muuzaji wa kumwendea na kumuuliza maji kayachota wapi. Leo watu wakiugua Bukoto, Kololo na Muyenga kwa mkupuo, kila mmoja atataja mgahawa wake, na kumbe ni sufuria moja. Mtajua lini?

Ninachotaka ni kidogo sana. Apu iandike chini ya kila jina: chakula hiki kimepikwa mtaa fulani, na kampuni fulani, leseni namba fulani. Kama jiko ni moja kwa majina manne, liandikwe. Na jina likifutwa, malalamiko yamfuate mwenye jiko.

Risiti, picha za yule kuku na jina lililotokea kwenye pesa za simu vyote ninavyo. Wiki hii navipeleka ofisi ya afya ya Divisheni ya Nakawa. Aliyewahi kupeleka shauri la namna hii aniambie walimpokea dirisha gani na walidai karatasi zipi. Na ninyi wanaboda mliomo humu, mnaochukua mizigo getini kila siku: mmewahi kuruhusiwa kuingia ndani?