Mjadala: Je, ni sawa kampuni ya meli za kitalii kuwa na kisiwa chake katika nchi ya watu?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, ninaomba tulijadili jambo ambalo likitazamwa juu juu ni starehe ya siku moja tu. Meli ya kitalii inang'oa nanga Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, jioni, abiria wanalala, na kunapopambazuka wanajikuta mbele ya kisiwa kidogo cha Bahamas chenye mchanga mweupe na minazi iliyopandwa kwa safu. Saa mbili asubuhi wanashuka, wanaogelea, wanakula chakula cha mchana walichokwisha kukilipia katika nauli, wanajilaza chini ya mwavuli, na inapokaribia saa kumi na moja jioni wanarudi melini. Hapo hapana mji wala kijiji, kwa maana aliyewaleta ndiye aliyewapokea, ndiye aliyewalisha, na ndiye atakayewaondoa. Ninauliza kama nchi yenye bahari hiyo inapata haki yake.

Tuanze na historia, maana wengi hudhani ni mtindo wa juzi. Kampuni ya meli ya Norwegian Cruise Line ilianza kupeleka wageni Great Stirrup Cay, katika Visiwa vya Berry vya Bahamas, mwaka 1977, miaka minne tu baada ya Bahamas kupata uhuru. Kisiwa cha jirani, Little Stirrup Cay, leo kinajulikana kwa jina la CocoCay. Mwaka 2019 kampuni ya Royal Caribbean ilikizindua upya baada ya kutumia dola milioni 250 kujenga gati, mabwawa na mnara wa kutelezea majini. Kampuni ya Disney imekuwa ikipeleka wageni katika kisiwa cha Castaway Cay tangu 1998, na mwaka 2024 ikafungua eneo la pili kusini mwa kisiwa cha Eleuthera. Kampuni ya Carnival nayo ilifungua Celebration Key katika kisiwa cha Grand Bahama mwezi Julai 2025, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 600. Fedha nyingi kiasi hicho hazimwagwi mchangani bila hesabu.

Sehemu ya hesabu hiyo imo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1886, inayozuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani pekee. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nchi nyingine, ikiwemo Bahamas yenyewe. Kwa hiyo meli inayotoka Florida kwa safari ya siku tatu na kurudi pale pale ni lazima iguse bandari ya nje. Bahamas iko karibu, na ndiyo inayoifanya safari hiyo fupi iwezekane kisheria. Hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu mara nyingi Wabahama huelezwa kana kwamba wao ndio wanaosaidiwa, ilhali bila maji yao biashara hii ya Florida ingeyumba.

Sehemu ya pili ya hesabu ni mfuko wa abiria. Meli inapofunga Nassau, mji mkuu wa Bahamas, abiria anatoka bandarini kwa miguu, anafika mtaa wa Bay Street, anaingia katika soko la ukili, anabishana bei ya kofia na mama aliyeisuka, pengine anapanda teksi au ananunua saladi ya kome kwa mtu aliyewakata mbele yake. Dola ishirini alizotoa zinalala Nassau usiku ule. Katika kisiwa cha kampuni, kadi ile ile inayofungua mlango wa chumba melini ndiyo inayolipia kinywaji ufukweni, na ndiyo inayolipia banda la kivuli na boti ya kupiga makasia. Noti haitoki mfukoni, na malipo yanaingia katika ankara ile ile ya meli.

Serikali ya Bahamas inalijua hili. Kuanzia mwaka 2024 ilipandisha kodi ya kuondoka kwa abiria wa meli kutoka dola 18 hadi 23, na ikaweka dola 25 kwa anayefika kisiwa cha kampuni pekee bila kugusa mji. Ninaipongeza kwa kuona kwamba wageni hawa wawili si sawa. Lakini tazameni tofauti yenyewe: ni dola mbili. Hizo ndizo zinazotarajiwa kufidia nauli ya teksi, kofia ya ukili, sahani ya samaki na kazi ya msusi wa nywele.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni ipewe kibali cha kutumia ufuo kwa muda mfupi unaohesabika, isiuziwe ardhi kamwe, na wenyeji wawe na haki iliyoandikwa ya kufanya biashara zao wenyewe pale pale mchangani. Karibuni mnikosoe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini nadhani unalinganisha kisiwa cha kampuni na Nassau wakati ulinganisho wa haki ungekuwa kati ya kisiwa hicho na kisiwa kitupu. Bahamas ina visiwa karibu 700 na vijisiwa zaidi ya elfu mbili, na watu wapatao laki nne tu, ambao wengi wao wanaishi New Providence, kisiwa chenye mji wa Nassau. Vijisiwa vingi kati ya hivyo havikuwa na mkazi hata mmoja kabla ya kampuni kufika. Ocean Cay, ambayo leo inatumiwa na kampuni ya meli ya MSC, ilikuwa machimbo ya mchanga yaliyoachwa na vyuma vyake vikioza. Kampuni iliondoa vyuma hivyo, ikapanda miti, na wageni wakaanza kufika mwishoni mwa 2019. Ni soko la nani lililoporwa hapo?

Pili, Grand Bahama ilipigwa na kimbunga Dorian mwezi Septemba 2019, na uchumi wake ulikuwa umedhoofika hata kabla ya hapo. Kwa kijana wa Freeport, mji wa kisiwa hicho, aliyekaa miaka bila ajira, gati jipya ni mshahara wa kila mwezi, na sidhani kama ni haki sisi tulio mbali kumwambia asubiri mpaka upatikane mkataba unaotupendeza sisi.

Tatu, mgeni naye ni mtu. Nilisafiri na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea katika msongamano. Kisiwani alipatiwa kiti chenye magurudumu mapana yanayopita juu ya mchanga, akasukumwa mpaka maji yakamfika kifuani, na waokoaji walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake. Alikuwa hajaingia baharini kwa miaka kumi na moja. Wala hakuna aliyemfuata kumshika mkono ili anunue kitu. Siku ile ina thamani kwangu, na siioni kuwa ni dhambi dhidi ya mtu yeyote.

Zaidi ya hayo, mambo yanabadilika. Royal Caribbean imejenga ufuo wa wageni wake pale pale Nassau, katika kisiwa cha Paradise Island, kwa mpango unaowapa Wabahama nafasi ya kumiliki hadi asilimia 49. Yaani hata kampuni zimeanza kuelewa.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilifanya kazi jikoni katika meli ya aina hii kwa mikataba mitatu, na kampuni sitaitaja. Naomba niwaeleze siku ya kisiwa inavyoonekana kutoka upande wa chini wa meli.

Tulikuwa tunaamka saa tisa usiku. Nyama ya kuchoma, mikate, saladi, barafu na hata maji ya kunywa vilipangwa katika masanduku na kupakiwa kwenye mashua kabla jua halijachomoza, kwa sababu kile kisiwa hakikuwa na gati na kila kitu kilivushwa. Mchana ukiisha, tulivusha tena kurudi: sahani, mabaki na mifuko ya taka. Katika ile mikataba mitatu sikumbuki hata siku moja nilipopokea kikapu cha samaki kutoka kwa mvuvi wa pale. Na jambo moja limenikaa moyoni mpaka leo. Meza ya matunda ilikuwa na mananasi, na kazi ya kuyakata ilikuwa yangu. Yalitoka katika ghala la bandari ya Marekani. Kisiwa cha Eleuthera kinasifika kwa mananasi yake tangu zamani. Tulikuwa tunakipita usiku, taa zake tukiziona, huku nikimenya mananasi yaliyosafiri kutoka mbali kuliko sisi.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwenyeji, aliyeajiriwa kuparua mwani na kusawazisha mchanga kila alfajiri ili mgeni wa kwanza asikute alama ya mguu wa mtu mwingine. Alikuwa mkarimu na aliipenda kazi yake, kwa hiyo mchangiaji aliyetangulia ana haki anaposema ajira ni ajira. Hata hivyo, mzee yule alikuwa baba wa mvuvi, na samaki wa mwanawe hawakuwahi kufika katika zile meza umbali wa hatua mia mbili. Inawezekana zipo sababu za usalama wa chakula na bima, tuliambiwa hivyo. Naamini ukaguzi wa afya ungeweza kuitatua shida hiyo kama mtu angetaka itatuliwe.

Kuhusu mazingira, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2019 kampuni ya Carnival ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani makosa kadhaa ya kukiuka masharti iliyokuwa imewekewa, mojawapo likiwa kumwaga plastiki iliyochanganyika na mabaki ya chakula katika maji ya Bahamas, ikatozwa dola milioni 20. Bahari iliyochafuliwa ni ya Bahamas, na mahakama iliyotoa adhabu ilikuwa Miami.

Mchangiaji wa tatu

Tusiisahau Haiti. Labadee, pwani ya kaskazini, ni rasi iliyokodishwa kwa Royal Caribbean tangu miaka ya 1980 na kutengwa kwa uzio. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilipoangamiza mji mkuu, Port-au-Prince, meli ilifunga Labadee siku tatu baadaye, watu wakaogelea. Wapo waliochukizwa, na wapo waliosema kwamba meli ile ilileta chakula cha msaada na kwamba kuondoka kungewaumiza wachuuzi wa pale. Nakubaliana zaidi na hawa wa pili. Lakini mwaka 2024 meli zilisitisha safari za huko kwa sababu ya machafuko, zikarejea kwa muda, kisha zikasitisha tena mwaka 2025, na wachuuzi wale wakabaki na meza tupu. Eneo lililojengwa kwa ajili ya mteja mmoja linakufa siku mteja huyo anapobadili njia.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Kwa ndugu wa kwanza, sina ugomvi na furaha ya mama yako, na ningependa kila mwenye magoti mabovu aipate. Ninachokataa ni dhana kwamba furaha ile isingewezekana kama mtu aliyemkodisha kile kiti angekuwa mfanyabiashara wa Visiwa vya Berry mwenye leseni yake. Kuhusu vijisiwa vitupu, kukosa nyumba hakumaanishi kukosa mwenyewe: wavuvi huegesha huko, kome huokotwa katika kina kifupi kando yake, na kuchimba njia ya meli kubwa huvuruga majani ya bahari na matumbawe yanayowalisha. Hiyo asilimia 49 ni hatua ya kweli na ninaipokea, ila isiwe ya Nassau peke yake.

Mfano ninaoutaka upo tayari, katika Bahari ya Pasifiki. Kusini mwa Vanuatu kuna kijisiwa kinachoitwa Inyeug, ambacho watalii hukijua kwa jina la Mystery Island. Hakina mkazi, kina mchanga na matumbawe, na abiria hushuka pale kwa siku moja kama Bahamas. Tofauti ni kwamba wenyewe ni watu wa Aneityum, kisiwa kilicho ng'ambo ya mkondo. Meli inapotarajiwa, huvuka kwa mashua zao, hupanga meza zao za vikapu na nazi, huwasuka wageni nywele, huwazungusha katika miamba, na jioni hurudi kwao wakiwa na fedha mkononi. Kampuni ya meli inaleta wageni na kulipa ada ya kutua. Mgeni anapata ufuo ule ule, jua lile lile na usingizi ule ule chini ya mti.

Ndugu wa pili, umenipa sharti ambalo sikuwa nalo nilipofungua mjadala huu. Katika mkataba wowote mpya, pamoja na muda wa kibali na nafasi ya wafanyabiashara, iandikwe sehemu ya chakula cha siku hiyo ambayo ni lazima inunuliwe kwa wavuvi na wakulima wa nchi husika, na mkaguzi wa afya awekwe ufukweni kwa gharama ya kampuni. Ninaomba wanaopinga waanze na sharti hilo, watueleze ni lipi ndani yake lisilotekelezeka.