Petrified Forest, Arizona: Blue Mesa au ukingo wa Painted Desert?

Nyota_Njiani: Wakuu, Jumamosi tunapita barabara kuu ya I-40, tuna saa mbili na nusu ndani ya hifadhi ya Petrified Forest. Tuna mama wa miaka 68, goti linamsumbua. Tutembee Blue Mesa, au ile njia ya ukingo wa Painted Desert, Tawa Point hadi Kachina Point?

Mwamba_Mwekundu: Zote ni kama km 1.6 kwenda na kurudi, ila msizipime kwa urefu. Ya Tawa ni ya udongo, inabaki juu ukingoni, na jangwa jekundu mnalitazama likiwa chini yenu. Blue Mesa inawaingiza katikati ya vilima vya buluu, zambarau na kijivu, kwa mteremko mkali ambao ndio huohuo mtakaoupanda kurudi. Goti linaumia kwenye kushuka. Kwenye kupanda ni pumzi, maana hapo ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Bi_Kokoto: Na Blue Mesa kuna vipande vya kokoto juu ya mteremko, ndipo watu wanapoteleza. Vaeni viatu vya soli yenye meno, mama awe na fimbo. Maji lita moja kila mtu, mjaze kabisa kwenye kituo cha wageni. Njiani hakuna bomba wala kivuli.

Mwamba_Mwekundu: Mvua ikinyesha, Blue Mesa iacheni. Udongo ule ni bentonaiti, zao la majivu ya volkano. Ukiinama utaona uso wake umevimba na kupasuka kama bisi. Ukilowa unafura na kuteleza, ukikauka unasinyaa, kwa hiyo mimea haishiki mizizi. Msitoke njiani hata hatua moja: gamba likivunjika, mvua inayofuata inapata pa kuchimba. Julai hadi Septemba radi huja alasiri, na ukingoni pale Tawa hakuna pa kujificha.

Saa_Tatu: Kwa picha, fikeni asubuhi, jua la utosini linafifisha rangi. Machweo msiyategemee, geti hufungwa jioni. Vipande vya miti iliyogeuka mawe viacheni palepale, kuokota ni kosa kisheria.

Nyota_Njiani: Tunaelekea magharibi. Tukichagua Blue Mesa, mama atakosa?

Bi_Kokoto: Hapana, dada. Pale pa kuegesha gari anaviona vilima kutoka juu bila kushuka. Ingieni geti la kaskazini, mtembee naye kipande cha Tawa dakika 20, kisha Blue Mesa wenye magoti mazima washuke, dakika 45 hadi saa nzima. Tokeni kusini, mfuate barabara ya 180 hadi mji wa Holbrook. Msirudi kaskazini, muda hautatosha.