Mdogo wangu kakatwa vidole na mashine kazini, bosi anataka asaini karatasi kwamba ameridhika. Naombeni ushauri

Dada_Mbagala:
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anafanya kazi karakana ya samani hapa Dar, mkataba wa mdomo tu, analipwa kila wiki kwa simu. Wiki iliyopita mashine ya kupasulia mbao imemkata vidole viwili mkono wa kulia, kava ya msumeno ilishatolewa kitambo ili kazi iende haraka na kila mtu pale anajua. Bosi alimkimbiza hospitali akalipia, hilo sikatai, ila jana kaja nyumbani na laki tatu na karatasi imeandikwa "nimeridhika na sitadai chochote". Dogo anataka kusaini maana kodi inamsubiri na ana mtoto mchanga, mimi nimemzuia. Bosi anasema kibarua hana fidia na isitoshe ni uzembe wake mwenyewe. Ni kweli?

Mtu_wa_Haki:
Dada pole sana, mpe pole na dogo. Asisaini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uko kwa sheria ya 2008 na umeanza kazi 2015, na humo mkataba wa mdomo ni mkataba. Fidia hii haiulizi nani mzembe, inauliza kama ameumia akiwa kazini. Angekuwa amefanya utovu wa nidhamu wa makusudi hapo kuna mjadala, lakini kuteleza mkono kwenye mashine isiyo na kava sio utovu jamani!!

Kibarua_Mzoefu:
Mie nijuavyo vibarua hatumo, hiyo ni ya wenye ajira za kudumu.

Mtu_wa_Haki:
Hapana ndugu yangu, umo. Tuache kuambizana hivyo maana ndo wanapotupatia. Dada, kuna matibabu, kuna asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao hawezi kufanya kazi mpaka miezi 24, halafu daktari anapima ulemavu wa kudumu, ukiwa asilimia 30 kushuka chini analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo anapata pensheni kila mwezi. Sasa kwa mfano analipwa 280,000 kwa mwezi, asilimia 70 ni 196,000, akikaa nyumbani miezi miwili tu ile laki tatu imeshapitwa na vidole havijapimwa bado.

Fundi_Samani:
Naongea kama mwajiri, nina karakana yangu na vijana sita. Mchango analipa mwajiri peke yake, hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata shilingi. Sekta binafsi tulikuwa tunalipa asilimia 1, ikashuka 0.6 mwaka 2021 na toka 2022 ni 0.5. Mishahara yangu yote kwa mwezi ni 2,400,000 kwahiyo nalipa 12,000. Elfu kumi na mbili! Kijana wangu akiumia mfuko unabeba, mimi sihangaiki kuuza mashine kulipa hospitali. Wenzangu wengi wanakwepa kujisajili wakiona ni kodi nyingine, halafu siku ya ajali ndo wanazunguka na karatasi kama huyo bosi wenu, na michango ya nyuma atadaiwa na riba juu. Namuonea huruma lakini mzigo wake asimtwishe dogo.

Dada_Mbagala:
Asanteni sana jamani nimepata nguvu. Sasa kama bosi hajasajili tunaanzia wapi? Dogo hana salary slip wala kitambulisho cha kazi.

Nesi_Temeke:
Meseji za malipo kwenye simu ndo salary slip yake, asifute hata moja. Chukueni hospitali karatasi zote zenye tarehe na daktari aandike wazi kwamba ameumia kazini na mashine, maana naona wagonjwa wengi wanaandikiwa "jeraha la mkono" basi, baadae inakuwa shida. Mwenzake aliyekuwepo aandike alichoona, na mashine ipigwe picha leo leo. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa WCF ndani ya siku 7, akigoma nendeni wenyewe ofisini kwao. Madai yana mwisho, miezi 12 toka ajali, msisubiri mpaka kidonda kikauke. Hiyo ya kava pelekeni OSHA, wale wa serikali wanaosimamia usalama na afya kazini, kuna vijana wengine bado wanasimama kwenye mashine hiyo hiyo kila asubuhi.

Dada_Mbagala:
Nimewaelewa. Hofu ya dogo ni moja imebaki, akienda WCF atafukuzwa.

Mtu_wa_Haki:
Akifukuzwa aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, hiyo ni kesi nyingine na haigusi fidia yake. Ila kwanza mrudishieni bosi karatasi yake bila sahihi, na kama atawaachia hizo pesa, aandike ni za nini.