"Ukifika, nisalimie": mliagana vipi na wapendwa wenu? Wakristo tupeane uzoefu

Mleta mada

Shalom wapendwa. Mama yangu alilala mwezi Januari, kwetu Machame, na tumemzika kihambani, yaani kwenye shamba letu la nyumbani, pembeni ya baba. Aliugua muda mrefu lakini akili zilikuwa timamu mpaka mwisho, kwa hiyo watu walikuja kumuaga wakiwa wanajua wanamuaga. Nilichokiona siku zile ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu.

Majirani walikuwa wanamtuma salamu. Kweli kabisa, kama mtu anayepanda basi la alfajiri kwenda Dar. "Ukifika nisalimie mama." "Mwambie mzee wangu yule kitinda mimba wake kaolewa." Mama mmoja wa jumuiya yetu alimwinamia sikioni akanong'ona weee, alipoinuka uso umelowa machozi, na mama akamjibu tu, "Nimesikia. Nitamfikishia." Wakishaondoka ananiuliza, "Hivi yule mdogo wake baba yako alitangulia mwaka gani? Nisije nikamsahau."

Mchungaji alipokuja kumpa Chakula cha Bwana alizikuta hizo salamu zinaendelea. Nilidhani atakemea, hakukemea. Alivuta kigoda akafungua 1 Wathesalonike 4, pale Paulo anaposema tusihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Akatueleza kwamba wale Wathesalonike walikuwa na hofu moja: ndugu zao waliokufa mapema je, watapitwa Bwana akirudi? Ndipo Paulo akawaandikia kwamba walio hai watanyakuliwa "pamoja nao". Mchungaji akarudia hayo maneno mawili, pamoja nao, akafunga kitabu.

Sasa naomba mnipe ya kwenu. Mliagana vipi? Na hili la kuonana tena limekusaidia au limekusumbua? Najua wapo linaowasumbua. Vita vya madhehebu tuviache nje ya uzi, tafadhali.

Mwana wa Igoma

Pole sana dada. Mimi sikuagana na mtu. Baba alipanda MV Bukoba usiku wa tarehe 20 Mei 1996, asubuhi yake meli ikazama karibu kabisa na Mwanza. Nilikuwa darasa la tatu. Mwili hatukuupata, kwa hiyo mpaka leo hatujui kama yumo kwenye makaburi ya pamoja pale Igoma au bado yuko ziwani.

Kila Mei mama anatupeleka Igoma tunaweka maua. Lakini siku zote anabakiza ua moja. Tukitoka pale tunashuka hadi ufukweni, analitupa majini, anasema "kama yuko huku". Nikiwa kijana nilikuwa naona aibu, nasimama mbali kidogo watu wasijue niko naye.

Mwaka mmoja katekista akasoma kwenye jumuiya Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Mama akamwomba arudie. Tulipofika nyumbani akanitaka nimsomee tena. Mimi na ujuaji wangu wa kidato cha nne nikamwambia, mama, hapo ni bahari, ziwa halijatajwa. Akanijibu kwa Kihaya, na nikiitafsiri ni kama hivi: aliyeishinda bahari atashindwa na hili la kwetu?

Tangu siku hiyo sisimami mbali naye tena.

Mzee wa Kanisa

Nina wake wawili, mmoja kaburini na mmoja jikoni, na wote nimewaoa kanisani, msinirukie. Wa kwanza Mungu alimchukua nikiwa na watoto wadogo. Huyu wa sasa akawalea kama wake.

Usiku mmoja umeme umekatika, tumelala macho, akaniuliza, "Baba nanihii, kule tutakaa vipi?" Nikajifanya nimesinzia. Kesho yake nikamfungulia Mathayo 22, wale Masadukayo na kesi yao ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Yesu anawajibu kwamba katika kiyama "hawaoi wala hawaolewi". Nikadhani nimejitoa. Mama watoto akafikiri kidogo, akasema, "Basi afadhali. Mimi na yeye tutakuwa marafiki. Nina mengi ya kumuuliza juu yako."

Mpaka leo sijui niogope au nifurahi.

Mpare wa Mamba

Kwetu Usabato uliingia 1903, kwa hiyo mimi nimezaliwa ndani yake. Mleta mada, sisi hizo salamu hatutumi. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Mtu amelala mpaka Bwana atakapomwamsha. Wengine mnaona ni imani kavu, ila niwape yangu.

Kaka yangu aliniita nikamwone hospitali. Nikasema Ijumaa nitakuja, mara kazi, mara nauli, nikafika Jumanne, nikaambiwa ameshapelekwa mochwari. Miaka mingi nilijiuliza aliningoja vipi. Sasa kinachonipa usingizi ni hichohicho mnachokiita kikavu: hanisubiri. Hayuko mahali anaangalia saa. Atakachokisikia baada ya kufumba macho ni tarumbeta, na mimi nitakuwa pale. Kwake yeye sitakuwa nimechelewa hata dakika moja.

Mtumishi asiyefaa

Mkuu, na Luka 23:43? "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo ni leo.

Mpare wa Mamba

Mkato umewekwa na wafasiri, Kigiriki cha kale hakikuwa na mikato. Sisi tunasoma "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Karibu inbox tusiharibu uzi wa dada.

Mama Kulwa

Nimesoma yote nikalia kidogo. Nilijifungua mapacha kabla ya wakati, 2001, na mimi ni Mkatoliki. Wote walikuwa hawajiwezi. Muuguzi mmoja aliona hali, akachota maji ya bomba kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki cha kunywea dawa, akambatiza Kulwa palepale, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza. Alipomgeukia Doto, Doto alikuwa ameshaondoka. Ile tofauti haikufika dakika tano, nawaambia.

Kulwa akaishi. Doto tukamzika, na bibi mmoja wa familia akaniambia, tena kwa upole tu, kwamba mtoto asiyebatizwa anakaa limbo, haingii mbinguni. Nilibeba hilo neno miaka sita. Usiku namwona mwanangu amesimama nje ya mlango.

2007 padri wetu akaniita baada ya Misa. Akaniambia Roma, tume ya wanateolojia imetoa waraka, Papa Benedikto XVI ameridhia uchapishwe, unasema tuna sababu ya kutumaini kwamba watoto hawa wataokolewa kwa huruma ya Mungu. Akaongeza kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani, ilikuwa mawazo ya wanateolojia. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Miaka sita! Hakuna aliyenipigia simu?

Watu wanauliza mbinguni tutatambuana vipi. Mimi nina jibu langu. Walikuwa wanafanana kabisa. Kulwa ana ndevu sasa, na kila akinyoa namwangalia kwenye kioo, najua na yule mwingine yukoje.

Binti Tanga

Langu ni fupi na halina jibu. Babu mzaa mama alikuwa Mwislamu, swala tano. Wazazi wangu walikuwa kazini, kwa hiyo Jumapili yeye ndiye aliyenishika mkono hadi kanisani, akaningoja nje chini ya mwembe na kofia yake ya kiua mpaka shule ya Jumapili iishe. Nikitoka ananiuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Namsimulia njia nzima.

Nikimuuliza mchungaji kama nitamwona babu, ananijibu kwa sauti ya chini kwamba hukumu ni ya Mungu. Sawa. Lakini yeye hakuwahi kuchoka kuningoja.

Mwana wa Igoma

Mleta mada umetuuliza sote halafu umekaa kimya. Na wewe ulimtuma nini mama?

Mleta mada

Nilikuwa nakwepa, mmenikamata.

Nilingoja wageni waishe. Nikamwambia, mama, mwambie baba lile deni la bati nimelimaliza. Baba alikufa akiwa na deni la bati za nyumba ile, lilikuwa linamuumiza. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Hilo kule atakuwa ameshalisahau. Nipe jingine."

Nilikosa la kusema. Nikachukua mafuta ya mgando nikaanza kumkanda miguu, ilikuwa ya baridi na ngozi imekuwa nyepesi kama karatasi ya kitunguu. Nikadhani amesinzia. Akaniita bila kufumbua macho, "Basi nikamwambie ulikuwa unanikanda miguu?"

Nikamwambia, ndiyo mama, kamwambie hivyo.